Nchi Ndani ya Kitabu: Historia, Utamaduni na Mazingira katika Nathari Isiyo ya Kubuni ya Kiswahili

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili akiombwa ataje vitabu kumi vya fasihi ya lugha hii, aghalabu atataja riwaya, tamthilia na diwani za mashairi. Si ajabu. Katika mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulioanzishwa nchini Kenya mwaka 1985, vitabu teule vilivyotahiniwa katika shule za upili vilitoka katika tanzu hizo, pamoja na hadithi fupi. Mwanafunzi huyo huingia chuo kikuu akiwa na ramani hiyo kichwani, na mara nyingi hutoka nayo ilivyokuwa. Tasnifu zetu za uzamili hushughulikia dhamira, wahusika na mtindo katika kazi za kubuni. Ilhali Kiswahili kina hazina ya vitabu ambavyo havikubuniwa: vitabu vilivyoandikwa kwa azma ya kueleza nchi ilianzaje, watu wake waliishi vipi, na milima, mito, misitu na bahari yake viliwaathiri kwa njia gani.

Makala hii inadhamiria kuueleza utanzu huo. Itaonyesha majina ambayo wenyeji wenyewe waliutumia, itachunguza baadhi ya vitabu vyake vikuu vya Tanzania na Kenya, na itapendekeza namna ya kuvisoma. Hoja yangu kuu ni kwamba katika vitabu bora vya aina hii, historia, utamaduni na mazingira asilia si mada tatu zilizowekwa bega kwa bega, bali ni uzi mmoja uliosokotwa kwa nyuzi tatu. Ukiuvuta mmoja ukauacha mwingine, kitabu hufumuka. Aidha, nitadai kwamba vitabu hivi vina neno la kutuambia sisi Wakenya kuhusu nani mgeni na nani mwenyeji, suala ambalo limewahi kutugharimu damu.

Majina ya Utanzu

Kabla ya kuazima istilahi za kigeni, yafaa tuulize waandishi wa kale waliviitaje vitabu vyao. Majina yenyewe ni dira. La kwanza ni habari, au khabari kwa matamshi ya pwani. Habari ni maelezo ya jambo lililotukia, yanayosimuliwa na mtu aliyelishuhudia au aliyelipokea kwa wanaoaminika. La pili ni tarehe, ambalo hapa halina maana ya siku ya mwezi bali ni orodha ya watawala na matukio kwa mfuatano wa miaka. La tatu ni desturi, yaani maelezo ya namna watu wafanyavyo mambo yao tangu kuzaliwa hadi kufa. La nne ni safari, ambayo ni simulizi ya mtu aliyetoka kwao akaona nchi za wengine. La tano ni maisha, ambalo leo tumeligawa katika wasifu na tawasifu.

Ni muhimu kutambua kwamba majina haya hayatenganishi mada, yanatenganisha mikabala. Mwandishi wa habari huanza na tukio, mwandishi wa tarehe na mfalme, mwandishi wa desturi na kanuni, mwandishi wa safari na njia, naye mwandishi wa maisha huanza na nafsi yake. Lakini wote hufika katika nchi ile ile. Anayesimulia safari hulazimika kueleza mito aliyovuka, vyakula alivyokula na hongo aliyotozwa. Na anayeeleza desturi ya ndoa hulazimika kutaja mahari ilitoka katika shamba gani au zizi gani.

Mfano mzuri ni mkusanyiko wa Safari za Wasuaheli uliochapishwa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1901. Ndani yake mna simulizi za safari za bara, ikiwemo ya Mtoro bin Mwinyi Bakari kutoka Udoe hadi Uzigua. Mna pia simulizi ya Selim bin Abakari, Mngazija aliyefuatana na mwajiri wake Mjerumani mwaka 1896 hadi Urusi na Siberia. Hapa Kiswahili kinatumiwa kueleza nchi ambazo msamiati wa pwani haukuwahi kuzizungumzia. Desturi yetu ni kuwasoma Wazungu waliotuandika sisi. Katika simulizi hii Mwafrika ndiye anayeangalia na kuandika, na mgeni ndiye anayeandikwa. Lyndon Harries alichapisha upya uteuzi wa nathari za mkusanyiko wa Velten mjini London mwaka 1965, lakini sidhani kama zimewahi kupata nafasi inayozistahili katika mihadhara yetu.

Mlima na Nyika: Habari za Wakilindi

Kitabu kinachoonyesha kwa uwazi zaidi namna mazingira yanavyoweza kuwa kiini cha historia ni Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy. Mwandishi huyu aliishi miaka mingi miongoni mwa Wakilindi, ukoo uliotawala Usambara katika Tanzania ya leo, na akaandika aliyoyasikia na mengine aliyoyashuhudia. Kazi yake ilianza kuchapishwa sehemu kwa sehemu na wamishonari mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1962 ikatolewa upya na East African Literature Bureau chini ya uhariri wa J.W.T. Allen.

Habari zenyewe zinaanza na Mbegha, mwindaji wa nguruwe kutoka Ngulu. Alipokuwa mtoto aliota meno ya juu kwanza, na kwa desturi ya kwao mtoto wa namna hiyo ni kigego, mwenye kuleta balaa. Alipokua alinyimwa urithi, akalazimika kuhama. Akapita mahali hadi mahali akiwa na mbwa na mikuki yake mpaka akafika katika milima ya Usambara. Huko alikuta wakulima wanaosumbuliwa na nguruwe wanaoharibu mashamba. Akawaua wanyama hao, akawagawia watu nyama, nao wakampa vyakula vya mashambani. Baadaye akaua simba huko Vugha, na watu wakamfanya mtawala wao.

Tazama jinsi nyuzi tatu zilivyosokotwa. Desturi ya kigego ndiyo inayoanzisha safari. Tatizo la nguruwe, ambalo ni tatizo la mazingira, ndilo linalompa mgeni nafasi ya kupendwa. Mabadilishano ya nyama na mazao yanakuwa mkataba wa kisiasa usioandikwa: mfalme ni yule anayelilinda shamba dhidi ya pori. Ukiyaondoa mazingira, hubaki na hadithi ya mtu aliyependwa bila sababu. Ukiiondoa desturi, humwoni aliyehama kwa kuwa na kisa cha kuhama.

Uhusiano huu unaendelea hadi mwisho wa himaya. Nguvu ya Wakilindi ilikuwa mlimani, Vugha, mahali penye mvua na migomba. Baada ya kifo cha Kimweri mkuu katika miaka ya 1860, mwanawe Semboja alipata nguvu akiwa Mazinde, chini katika nyika, kando ya njia ya misafara ya biashara. Huko palipita bunduki na bidhaa za pwani. Mamlaka yakateremka kutoka mlimani na kufuata njia ya biashara, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka. Mwanahistoria Steven Feierman, katika utafiti wake juu ya ufalme wa Washambaa uliochapishwa mwaka 1974, alilipa uzito suala hili la mlima na nyika. Lakini mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuliona mwenyewe katika kitabu cha Abdallah bin Hemedi, kwa kufuata tu majina ya mahali na kujiuliza: tuko juu au chini?

Desturi kama Ushahidi: Mtoro bin Mwinyi Bakari

Ikiwa Habari za Wakilindi huanza na mfalme, Desturi za Wasuaheli huanza na mtoto anayezaliwa. Kitabu hiki kilichapishwa Göttingen, Ujerumani, mwaka 1903 chini ya jina la Velten, ingawa Mtoro bin Mwinyi Bakari ndiye aliyekuwa mwandishi na mkusanyaji wake mkuu. Ndani yake mnaelezwa malezi, masomo ya chuoni, jando na unyago, ndoa, ngoma, uganga na pepo, kilimo, misafara ya bara, utumwa, mashtaka na mazishi. Ni picha ya maisha ya mrima, hususan Bagamoyo na viunga vyake, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19.

Sifa kubwa ya Mtoro ni kwamba hasimulii kama mtu anayeshangaa. Anaeleza kanuni, kisha anaonyesha namna watu wanavyoitekeleza na namna wanavyoikwepa. Katika sura zinazohusu utumwa, kwa mfano, msomaji anakutana na lugha nzima ya matabaka: mtumwa, mzalia, mwungwana. Maneno hayo si mapambo. Ni mfumo wa kijamii uliohifadhiwa katika msamiati. Mwanaisimujamii atapata humo data, na mhakiki wa fasihi atapata humo usuli wa riwaya kadhaa za pwani.

Hata hivyo, hatuwezi kukisoma kitabu hiki bila kukumbuka hatima ya mwandishi wake. Mtoro alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Akamwoa Mjerumani. Mwaka 1905 alipojaribu kurudi nyumbani pamoja na mkewe, watawala wa kikoloni walikataa kumruhusu ashuke nchini naye. Akarejea Ujerumani na akafa huko mwaka 1927. Mtu aliyeieleza nchi yake kwa ufasaha kuliko wenzake wengi wa zama zake alizuiwa kuikanyaga. Kitabu chake nacho kilipata hatima inayofanana na hiyo, kwa maana tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen iliyotolewa mwaka 1981 ndiyo ambayo wasomi wengi wa Afrika Mashariki huinukuu. Tunasoma desturi za Waswahili kwa lugha ya tatu, ilhali matini asilia yako katika lugha tunayodai kuitaalamikia.

Nchi Kavu na Asili Nyingi: Mathias Mnyampala

Mathias Mnyampala (1917–1969) hufahamika zaidi kwa ushairi na kwa kuiendeleza ngonjera. Wachache hukumbuka kwamba mwaka 1954 alichapisha kitabu kiitwacho Historia, Mila na Desturi za Wagogo. Jina lenyewe linaunganisha yale ambayo idara za vyuo vikuu huyatenganisha.

Ugogo ni nchi ya ukame katikati mwa Tanzania. Mvua yake ni haba na haitabiriki, na maisha yametegemea mifugo pamoja na nafaka zinazostahimili jua, kama vile mtama na uwele. Mnyampala alizaliwa katika zama za njaa kuu iliyoambatana na Vita vya Kwanza vya Dunia, wakati majeshi yalipochukua mifugo, nafaka na wapagazi, kisha mvua ikakosekana. Wagogo waliipa njaa hiyo jina, Mtunya. Katika nchi ya namna hii kalenda ya historia ni mfuatano wa njaa zenye majina, na mamlaka ya mtemi yalifungamana na mvua. Mtu hawezi kueleza siasa ya Ugogo bila kueleza mawingu yake.

Lakini jambo lenye thamani zaidi katika kitabu hicho ni maelezo ya asili za koo. Mnyampala haonyeshi kabila lililotoka tumbo moja. Anaonyesha koo zilizotoka pande mbalimbali: nyingine kwa majirani wa kusini, nyingine wa mashariki, nyingine wa magharibi. Zilikutana katika nchi moja kavu, zikajifunza kuishi kwa namna moja, zikaitwa Wagogo. Nchi ndiyo iliyowafanya watu kuwa kabila, damu haikutangulia.

Kenya: Pate, Lamu, Kisauni na Mlima Kenya

Kwa upande wa Kenya, mizizi ya utanzu huu iko katika visiwa vya Lamu. Tarehe ya Pate imetufikia katika matoleo kadhaa, mengi yakitokana na simulizi za Bwana Kitini wa ukoo wa Nabahani. Inaeleza jinsi Mnabahani kutoka Omani alivyofika Pate, akamwoa binti wa mtawala mwenyeji, na kizazi chake kikaitawala nchi. Miaka ya mwanzo inayotajwa katika tarehe hiyo ilitiliwa shaka na mwanaakiolojia Neville Chittick mwaka 1969. Matoleo yenyewe pia hutofautiana. Khabari za Lamu, iliyoandikwa na Shaibu Faraji bin Hamed al-Bakariy al-Lamuy na kuchapishwa mwaka 1938 kwa uhariri wa William Hichens, inatuletea sauti ya upande wa pili. Lamu na Pate zilipigana Shela mwanzoni mwa karne ya 19, takriban mwaka 1812, na Lamu ikashinda. Mwenye kusoma tarehe ya mji mmoja bila habari za mji wa pili amesikia shauri la mdai pekee. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Mwaka 1934 James Mbotela alichapisha Uhuru wa Watumwa. Kitabu hiki kimewasumbua wahakiki: wengine wamekiita riwaya ya awali ya Kiswahili, wengine historia. Kinaeleza kutekwa kwa watu bara, mateso yao, kukombolewa kwao na manowari za Waingereza, na kuwekwa kwao Freretown, Kisauni, makazi yaliyoanzishwa na wamishonari karibu na Mombasa mwaka 1875. Ni kweli kwamba Mbotela anamsifu Mwingereza kupita kiasi. Hata hivyo, mgala muue na haki umpe. Ni yeye aliyeandika kwa Kiswahili habari za jamii ambayo haikuwa na kaya, mlima wala mfalme wa kujinasibu naye. Watu waliotoka nchi nyingi wakaanza upya ufuoni mwa Kenya.

Jomo Kenyatta naye alichapisha Facing Mount Kenya mwaka 1938, kitabu kilichokuja kutafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Naushangilia Mlima wa Kenya. Msomaji asidanganywe na sura zake za mila. Baada ya kueleza chimbuko na ukoo, Kenyatta anaingia moja kwa moja katika umilikaji wa ardhi. Aliandika wakati ardhi ya Wagikuyu ilikuwa imetwaliwa na walowezi, na serikali ilidai kwamba Mwafrika hakuwa na mfumo wa kumiliki ardhi. Kueleza desturi kulikuwa namna ya kudai shamba. Hapa tunaona kwamba maelezo ya utamaduni si kazi ya kutafuta burudani. Yanaweza kuwa hati ya mashtaka.

Sauti iliyokosekana katika orodha yote hiyo ni ya mwanamke. Ndiyo maana kitabu cha Wanawake Watatu wa Kiswahili, kilichoandaliwa na Sarah Mirza na Margaret Strobel na kutolewa kwa Kiswahili mwaka 1991 baada ya toleo la Kiingereza la 1989, kina umuhimu wa pekee. Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy wanasimulia maisha yao Mombasa: arusi, somo na kungwi, vyama vya lelemama, na kumbukumbu ya utumwa katika nasaba. Mji ule ule ambao wanaume wameusimulia kwa vita na ngome, wao wanausimulia kwa nyumba na ngoma.

Kila Nchi Huanza na Mgeni

Tukiviweka vitabu hivi pamoja, jambo moja linajitokeza ambalo halionekani tukivisoma kimojakimoja. Karibu kila kimoja huanza na mgeni. Mbegha alitoka Ngulu. Mnabahani alitoka ng'ambo ya bahari. Koo za Wagogo zilitoka pande zote. Watu wa Freretown walitoka bara na maziwa. Hata Wamijikenda, ambao misitu yao ya kaya ni alama ya wenyeji wa pwani, hujieleza kwa masimulizi ya kuhama kutoka Shungwaya.

Vitabu vya desturi za kabila fulani vinaweza kutumiwa vibaya. Mtu anaweza kuvigeuza kuwa ua wa miiba: sisi ni hawa, nchi ni hii, na nyinyi ni wageni. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 tuliona nchini mwetu matokeo ya fikra ya namna hiyo. Zaidi ya watu elfu moja waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao, wengi wakiambiwa warudi walikotoka. Vitabu hivi vikisomwa kwa makini huukanusha ua huo kutoka ndani. Vinasema kwamba mwenyeji wa leo ni mgeni wa jana aliyefaa jamii, aliyeoa, aliyelima, aliyezika wafu wake pale. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika Habari za Wakilindi methali hiyo ni maelezo ya namna ufalme ulivyoundwa.

Pengo la Mazingira

Licha ya utajiri huo, kuna upungufu ambao hatuna budi kuukiri. Historia na utamaduni vimeandikwa kwa Kiswahili kuliko mazingira asilia. Mlima, mto na msitu huonekana katika vitabu hivi kwa sababu binadamu amepita hapo; ni nadra kupata kitabu cha Kiswahili kinachoueleza msitu wenyewe kwa kina, miti yake, ndege wake na majira yake.

Ushahidi uko katika kamusi zetu. Si nadra mtu kutafuta jina la samaki, ndege au mti akapata maelezo kwamba ni aina ya samaki, aina ya ndege au aina ya mti. Mvuvi wa Vanga au Faza humjua samaki huyo kwa rangi, kwa kina cha maji anamoishi na kwa msimu wa pepo anapopatikana. Kamusi haimjui. Maarifa yapo katika lugha ya wasemaji lakini hayajaingia katika lugha ya vitabu, na kila mzee anapofariki sehemu ya maarifa hayo huzikwa naye.

Aliyeonyesha kwamba kazi hii inawezekana ni Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu. Alitunga Sambo ya Kiwandeo, iliyochapishwa mwaka 1979, kueleza jahazi la Lamu na ujenzi wake. Na Umbuji wa Mnazi, uliochapishwa mwaka 1985, kueleza mnazi na matumizi yake. Ingawa ni mashairi, lengo lake halikuwa kubuni bali kuhifadhi istilahi na ujuzi. Nabhany alitambua kwamba neno huishi likiwa na kazi. Jahazi likiacha kuundwa, majina ya mbao na kamba zake hukosa pa kukaa isipokuwa kitabuni.

Linganisha na Unbowed, tawasifu ya Wangari Maathai iliyotoka mwaka 2006, miaka miwili baada ya kupewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Humo anakumbuka mti wa mugumo ulioheshimiwa na jamii yake karibu na kijito huko Nyeri. Mama yake alimkataza kuokota kuni za mti huo kwa kuwa ni mti wa Mungu. Baadaye mti ulikatwa na kijito kikakauka, naye akaja kuelewa kwamba mizizi ya mugumo iliyapa maji ya ardhini njia ya kupanda juu. Katika kisa kimoja kifupi mna mila, mna historia ya kuingia kwa dini na zao la biashara, na mna elimu ya maji. Ndicho kile kile alichokifanya Abdallah bin Hemedi kwa nguruwe na migomba. Tofauti ni kwamba Maathai aliandika kwa Kiingereza.

Kaya za Wamijikenda zinatufundisha somo hilo hilo. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia, zikiwa misitu kumi iliyotapakaa kwa takriban kilomita 200 za pwani. Ziliingizwa kama urithi wa kiutamaduni, si wa kimaumbile, ijapokuwa ni misitu. Sababu ni kwamba miti hiyo imesalia kwa kuwa kuna makaburi, fingo na miko ya wazee. Mwanabotania asiyejua miko hataeleza kwa nini msitu upo. Mwanaanthropolojia asiyejua miti hataeleza miko inalinda nini. Kitabu cha kaya kinahitaji mwandishi mmoja anayeyajua yote mawili, na Kiswahili, kilicho ndugu wa lugha za Kimijikenda, kingemfaa kuliko lugha nyingine za kitaifa au za kigeni.

Namna ya Kuvisoma

Je, mwanafunzi aviendee vipi vitabu hivi? Napendekeza maswali manne. Kwanza, nani anasema, na kwa niaba ya nani? Abdallah bin Hemedi aliwatumikia Wakilindi; Mbotela alilelewa katika misheni; Bwana Kitini alikuwa wa ukoo wa watawala. Msimamo wa mwandishi haukifanyi kitabu kuwa cha uongo, lakini hutuelekeza mahali pa kuwa waangalifu.

Pili, kiliandikwa kwa ajili ya nani? Desturi za Wasuaheli kilikusudiwa Wajerumani waliokuwa wakijifunza Kiswahili ili waje kutawala. Hilo huathiri kilichoelezwa kwa kirefu na kilichonyamaziwa.

Tatu, mahali pana kazi gani? Tuchore ramani ya kila kitabu: mito, milima, visima, njia. Palipo na mgogoro wa watu, mara nyingi pana pia mpaka wa mvua au wa rutuba.

Nne, msamiati gani umehifadhiwa humo ambao hatuutumii tena? Swali hili ni letu hasa, wanafunzi wa lugha. Mwanahistoria atapita juu ya neno asilolijua. Sisi tuna wajibu wa kusimama hapo.

Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Lakini lugha ya taifa ambayo haiwezi kulieleza taifa lenyewe, historia yake, watu wake na ardhi yake, ina cheo bila kazi. Makala hii imeonyesha kwamba uwezo huo umo katika Kiswahili tangu zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na kwamba waandishi wake wa mwanzo hawakuona haja ya kutenganisha mfalme na mlima au ndoa na mvua.

Kazi iliyobaki ni yetu, na si ya makongamano pekee. Idara zinaweza kuingiza nathari isiyo ya kubuni katika kozi za fasihi kwa kuanza na Habari za Wakilindi na Desturi za Wasuaheli katika Kiswahili chake. Wahadhiri wanaweza kupokea tasnifu zinazohariri upya matini ambayo hayapatikani. Nao wanafunzi, hasa wale ambao kwao kuna msitu, ziwa au mji wa kale, wanaweza kuwaendea wazee na kalamu, wakaandika majina ya miti na samaki pamoja na habari za waliovitaja kwanza. Bwana Kitini, Mtoro na Abdallah bin Hemedi hawakuwa na shahada. Walikuwa na masikio, kumbukumbu na lugha, wakaiandika nchi.